Dakika 20 ndani ya gari

Mwanasaikolojia hakuniuliza ninakula nini. Swali hilo nilikuwa nimeliandalia majibu, majibu ya mtu aliyekwisha kujaribu kila diati iliyowahi kusikika. Yeye aliniuliza, "Dada, ukikasirika, mkono wako unakwenda wapi?" Nikacheka. Nikamwambia mimi si mtu wa hasira. Akanyamaza na kalamu yake, na katika ule ukimya nikagundua vidole vyangu vimeshaingia kwenye mkoba, vinapapasa pakiti ya biskuti.

Nilikuwa mbele yake kwa sababu bila saini yake nisingepangiwa tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito. Nilimchukulia kama mlinzi wa getini: unampa anachotaka, anafungua, unapita. Vipimo vingine vyote nilivikubali bila kununa. Damu, moyo, usiku mmoja wa kulala nimefungwa vifaa kuona kama pumzi inakatika usingizini (ilikuwa inakatika, kumbe ndiyo maana niliamka kila siku nimechoka kuliko nilivyolala), na ule mpira wenye kamera unaoshushwa kooni ili daktari aone tumbo kwa ndani na kuwatafuta bakteria wanaoleta vidonda. Hivyo kwangu vilikuwa vipimo. Kukalishwa kitini na kuulizwa habari za hasira niliona ni kupotezeana muda.

Na kwa karatasi nilikuwa nimeshafuzu. Kilo 113, urefu wa sentimita 162. Ukichukua kilo ukagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 43, namba ambayo madaktari huiita BMI. Kwa miaka mingi, tangu miongozo ya Marekani ya 1991, mlango wa kukubaliwa upasuaji ulikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikaushusha hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na kwa mwenye kisukari aina ya pili wakasema hata 30 tuanze kuzungumza. Mimi nilikuwa na 43, na kisukari, na presha. Nilikuwa nimeingia kwa mlango mkuu.

Daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi. Upasuaji wa kwanza, wanakata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, panabaki mrija mwembamba. Wa pili, wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, wanakiunga na utumbo mwembamba, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Nilikuwa na kiungulia cha miaka, na ule wa kwanza unaweza kukizidisha. Nilikuwa na kisukari, na wa pili una sifa nzuri kwa kisukari. Nikachagua wa pili. Sina la kumshauri mwingine hapo, kwa sababu tumbo lako na magonjwa yako ndivyo vinavyochagua, wewe unaweka saini tu.

Upasuaji huu si jambo la jana. Edward Mason na Chikao Ito waliuanza mwaka 1966 huko Iowa, Marekani, na chanzo chake kinanifurahisha: Mason alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa wanapungua uzito na hawaurudishi. Kilichokuwa kero kwa mgonjwa mmoja kikawa dawa kwa mwingine.

Lakini turudi kwenye biskuti.

Mwanasaikolojia alinipa daftari na kazi ya wiki mbili. Nisiandike nilichokula. Niandike kilichotokea dakika 10 kabla ya kula. Niliona ni kazi ya kitoto, nikaifanya kwa kejeli. Siku ya kwanza: "Saa saba mchana. Dakika 10 kabla, ilikuwa saa saba kasoro dakika 10." Siku ya tatu kejeli ikaniishia. Siku ya tano nikaona kitu kinajirudia, na kilikuwa kinajirudia saa ile ile, mahali pale pale.

Nikitoka kazini nilikuwa nasimamisha gari nje ya nyumba yangu, nazima injini, siingii ndani. Nalaza kiti nyuma kidogo. Nafungua pakiti, taratibu, ili plastiki isipige kelele, kana kwamba kuna mtu wa kusikia. Biskuti ya kwanza siitafuni, naiacha ilainike ulimini. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Kuanzia ya nne sikumbuki. Pakiti ikiisha napangusa makombo kifuani, napangusa na kiti, nalikunja karatasi dogo kabisa na kulichomeka chini ya zulia la gari, pamoja na wenzake. Dakika 20. Halafu navuta pumzi, naingia ndani, naitikia "shikamoo" za watoto, na ninakula chakula cha jioni kama mtu ambaye hajatia kitu kinywani tangu mchana.

Siku 12 kati ya 14. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Nilipompelekea daftari nilikuwa tayari kuaibika. Nilitaka hata kuaibishwa, maana aibu niliizoea, nilijua jinsi ya kukaa nayo. Alisoma kurasa zote bila kuinua uso. Halafu akauliza kama katika siku nzima kuna wakati mwingine ambapo hakuna mtu anayeita jina langu. Nikafikiri. Kazini naitwa kuanzia asubuhi. Nyumbani naitwa mpaka ninapolala, na mwanangu wa mwisho huniita hata usiku wa manane. Nikasema hapana, hakuna.

"Basi hii usiiite ulafi," akasema. "Hii ni likizo. Upasuaji utaondoa biskuti. Likizo utaichukulia wapi?"

Watu wengi wanaojiandaa kwa upasuaji huu hujiandaa kwa kisu. Mimi pia. Nilisoma kuhusu mishono, kuvuja kwa maungio, damu kuganda miguuni. Nilijua kwamba katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama 3 kwa kila 1,000, na kwamba utafiti mrefu wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliona waliofanyiwa upasuaji wanakufa wachache zaidi, miaka ikienda, kuliko wenzao waliobaki na uzito wao. Namba hizo nilizibeba kichwani kama hirizi. Ila hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba chakula kilikuwa kimeajiriwa kwangu. Kilikuwa na kazi, na saa za kazi, na hakijawahi kukosa hata siku moja. Nilikuwa nakaribia kumfukuza mfanyakazi wangu mwaminifu kuliko wote bila kujua nani atashika zamu yake.

Nikaanza mazoezi. Siku ya kwanza nilikaa garini bila kitu. Nilidumu dakika 7, nikaanza kulia, na mpaka leo siwezi kukuambia nililia nini hasa. Siku ya pili niliwasha redio, nikaizima. Siku ya tatu nilikula biskuti. Siku ya nne nilimwambia mume wangu.

Kumwambia mume ilikuwa ngumu kuliko kumwambia daktari. Si habari ya upasuaji, hiyo aliijua tangu mwanzo na ndiye aliyenipeleka kwenye vipimo. Habari ya makaratasi chini ya zulia. Alinisikiliza, akatoka nje, akarudi ameyashika yote mkononi, mkono umejaa. Nilidhani atasema kitu kuhusu uzito. Akasema, "Kwa hiyo muda wote huo nikisikia gari limefika halafu wewe huingii, ulikuwa unatukimbia?" Nikamwambia ndiyo, kidogo. Hilo lilimuuma kuliko biskuti, na tulilizungumza mpaka usiku mkubwa.

Kwa wengine nilijifunza kuitoa habari kama dawa, kwa mtu na kwa kipimo. Dada yangu nilimwambia yote. Bosi wangu nilimwambia nafanyiwa upasuaji wa tumbo na nitakosekana wiki 4, kwisha. Mama nilimwambia nikijua atakachosema, na alikisema: "Kwani mwanangu, kufunga mdomo tu kunakushinda nini?" Nilikaa kimya kwanza, nisije nikamjibu vibaya. Kisha nikamweleza nilichoelezwa mimi. Kwamba mwili ukipungua unapigana. Tumbo linatoa homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, na mtu akijinyima chakula homoni hiyo hupanda, huku mwili ukibana matumizi yake ya nguvu. Nimefunga mdomo mara 9 katika maisha yangu, mama, na mara 9 mwili wangu umeufungua. Upasuaji haupunguzi tu nafasi tumboni, unabadilisha mazungumzo ya homoni kati ya utumbo na ubongo. Mama akasema, "Mimi hayo ya homoni siyajui, ila nitakuja kukaa na watoto." Nikayachukua hayo.

Shangazi yangu sikumwambia. Shangazi ukimwambia, umetangaza.

Upande wa vitendo, kilichonisaidia kuliko vyote ni kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi. Kile kidogo chenye mistari. Mtaalamu wa lishe alisema siku za kwanza baada ya upasuaji nitakunywa kwa vikombe vya aina hiyo, mililita 30, funda kwa funda, siku nzima, nikilenga taratibu kufika lita moja na nusu. Nikaanza wiki 6 kabla. Jaribu hata wewe usiye na haja nacho: mimina maji kwenye kikombe hicho uyanywe kwa dakika 10. Utaona jinsi ulivyozoea kubugia. Nilifanya na zoezi la kutokunywa wakati wa kula na kwa nusu saa baadaye, kwa kutega saa ya simu. Nililichukia. Wiki ya kwanza nilikuwa nasahau, wiki ya pili nilikuwa nakumbuka na kukaidi, wiki ya tatu nikazoea. Kutafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni sikuwahi kuzoea kabla, nilifundishwa na maumivu baadaye. Kipande cha nyama kilichokwama kifuani ni mwalimu asiyerudia somo.

Halafu zikaja wiki mbili za kusinyaza ini. Ini la mtu mwenye uzito kama wangu mara nyingi huwa limevimba kwa mafuta, na sehemu yake ya kushoto hulala juu ya tumbo, palepale daktari anapotaka kufanya kazi kwa vifaa vinavyopita kwenye matundu madogo. Ini likiwa kubwa, haoni vizuri, na anaweza kulazimika kuahirisha au kupasua tumbo zima. Kwa hiyo unakula kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo sana, protini ya kutosha. Mwenye kisukari asiingie humo bila daktari: vidonge vyangu vilipunguzwa siku ile ile nilipoanza, maana dozi ya mtu anayekula kawaida ingeniangusha sukari.

Siku ya nne nilikula biskuti. Garini, ndio. Pakiti nzima. Nilikaa na simu mkononi nikitafakari kama nimwambie mtaalamu wa lishe au nijifanye kipofu. Nikampigia. Nilikuwa natarajia aseme tarehe imefutwa. Akauliza, "Ilikuwa siku gani kazini?" Nikamwambia. Akasema niendelee kesho pale nilipoishia, na nisijiadhibu kwa kuacha kula kabisa. Nimekuja kuamini kwamba simu ile ndiyo iliyonipa pasi ya kuingia chumba cha upasuaji kuliko vipimo vyote. Kwa mara ya kwanza nilikula kwa siri na siri haikulala usiku mmoja.

Mengine niyapitie harakaharaka. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki nilizitoa nyumbani kabisa, kwa sababu baada ya upasuaji wangu zinaweza kuleta vidonda kwenye maungio. Sigara sivuti, lakini anayevuta huambiwa aache wiki kadhaa kabla na asirudi. Mimba ningoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na vidonge vya uzazi wa mpango nikaviacha nikachukua njia isiyopita tumboni, maana ufyonzaji wake hauaminiki tena. Na mtu akipungua, uwezo wa kushika mimba uliokuwa umelala huweza kuamka. Pombe hupanda kichwani upesi mno, na kuna watu huhama kutoka kwenye chakula wakaingia kwenye chupa, hasa mwaka wa pili. Mwanasaikolojia alinirudishia hili mara tatu. Nilielewa kwa nini: zamu ya mfanyakazi ikiwa wazi, yeyote anaweza kuikalia.

Vitamini ni za maisha. B12, chuma, kalsiamu, vitamini D na nyinginezo, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Nakushauri uingize gharama yake kwenye bajeti kabla ya kuweka saini. Watu huchangia upasuaji. Hakuna anayekuja kukuchangia vidonge mwaka wa sita.

Nyumbani nilihamishia vyombo ninavyovitumia usawa wa kiuno, nisiiname wala kunyanyua. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili, na nisingeruhusiwa kumbeba kwa wiki kadhaa. Tulifanya mazoezi naye. Mimi nakaa kwenye kochi, yeye anapanda mwenyewe, anakaa pembeni, sio tumboni. Tukauita "kupanda mlima". Nilimfundisha mapema ili siku nitakaporudi asione kwamba mama amemkataa. Katika maandalizi yote hili ndilo ninalojivunia.

Na usiku mmoja niliandika wasia. Sikuwa na huzuni. Niliandika mahali zilipo hati, nani anadaiwa, nywila za simu na benki, nikamwonyesha mume wangu bahasha ilipo. Alikataa kuiangalia. Nikamwambia wewe usiangalie, jua tu ilipo. Baada ya hapo nililala vizuri kuliko wiki zote zilizotangulia.

Siku yenyewe haina mengi. Baridi ya chumba cha upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi akiniambia nihesabu, kisha mtu ananiita jina langu. Maumivu makubwa hayakuwa tumboni, yalikuwa begani, kwa sababu ya ile hewa wanayojaza tumboni ili waone. Jioni ile ile muuguzi alinisimamisha. "Mama, tutembee, damu isigande." Tukatembea mpaka mlangoni na kurudi, mimi na dripu yangu. Kisha akaniwekea mezani kikombe cha plastiki chenye mistari, na nikatabasamu kama niliyekutana na mtu wa nyumbani.

Siku ya tisa ndipo majuto yalipokuja. Walikuwa wameniambia yatakuja na sikuwaamini. Familia inakula sebuleni, mimi nipo chumbani na supu iliyochujwa, nikasema kwa sauti, "Nimejifanyia nini?" Sikuwa na njaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilikuwa na hamu isiyo na njaa, na sikujua niiweke wapi. Nikampigia dada. Hakuniambia nijikaze. Aliniuliza nimekunywa vikombe vingapi, nikahesabu, vilikuwa vichache, akabaki kwenye simu mpaka nikamaliza viwili. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka, nikajua zitarudi kwa sababu nilishaonywa, na bado nililia bafuni.

Wiki ya tano nilirudi kazini. Jioni yake nikasimamisha gari nje ya nyumba, nikazima injini. Nikalaza kiti. Chini ya zulia hakukuwa na kitu. Nilikuwa na kikombe kidogo na chupa ya maji, nikamimina, nikanywa funda, nikaangalia taa ya sebule ikiwaka. Pazia likasogea, mume wangu alichungulia, akaliona gari, akalirudisha pazia. Nikamsikia anamwambia mtoto, "Mama yupo, anakuja. Muache kidogo."

Nikamimina kikombe cha pili.